Mwandiko wa Mke Wangu kwenye Risiti za Chakula

Mke wangu amefariki, sasa ni miezi minane. Msibani watu walimsifia mengi, mengine hayakuwa yake. Mimi nitaandika jambo moja tu, kwa sababu lilifika ofisini likaingia kwenye faili, na ndugu wananiuliza, kila mmoja na alivyosikia. Heri wasome hapa.

Kazi yangu ni mabomba. Sina mwajiri. Nina mkataba na hospitali: pampu mbili za chini, matangi sita ya juu, na mabomba yote yaliyo katikati. Wananilipa kwa mkataba. Buti ni langu, spana ni yangu, nauli ni yangu, chakula ni changu. Mwisho wa mwaka unapeleka hesabu ofisi ya kodi, unasema nilipata hiki, nilitumia hiki kwa ajili ya kazi, nikateni kodi kwenye kilichobaki. Nasema unapeleka. Aliyepeleka ni yeye. Mimi shule sikwenda. Namba nilizijulia kwenye futi. Herufi za chapa nasoma na kuandika, polepole. Mwandiko wa mkono hunishinda.

Alikuwa mwanamke mfupi, wa mwendo wa haraka, asiyesema jambo mara mbili. Jikoni alipigilia misumari minne, akatungika spoku nne za baiskeli alizozikunja ncha. Spoku ya nauli, ya vifaa, ya simu, ya chakula. Kila risiti ilichomwa pale kama mshikaki. Jioni nikifika, kabla sijavua buti, mkono umeshanyooshwa.

"Leta karatasi."

"Hata salamu?"

"Salamu haina tarehe. Leta karatasi."

Akiipata anaigeuza mbele na nyuma, anaiangalia kwenye mwanga.

"Glavu jozi mbili. Fundi, una mikono mingapi?"

"Moja ilichanika."

"Iko wapi hiyo iliyochanika?"

"Nimeitupa."

"Kesho uiokote."

Niliiokota. Hakumwamini mtu, na mimi nikiwa wa kwanza. Alisema serikali ikiuliza itamuuliza yeye, siyo mimi, kwa hiyo bora aulize yeye kwanza.

Kuhusu chakula. Miaka ya mwanzo nilibeba mkebe kutoka nyumbani. Presha yangu ilikuwa juu, daktari alikataza chumvi, na mke wangu akipewa amri na daktari alikuwa anaizidisha. Chakula cha mkebe kilikuwa kitamu kwa mtu asiyejua chumvi ni nini. Mchana kimepoa, mafuta yameganda pembeni. Niseme kweli: nilikuwa nampa fundi umeme, mtu mwembamba anayekula chochote, na mimi naenda kununua nyama ya kukaanga kwenye kibanda cha kona. Jioni narudisha mkebe mtupu. Nilijiona mjanja.

Halafu, miaka kumi na miwili iliyopita, ofisi ya kodi iliwaita mafundi wote wanaojitegemea kwenye ukumbi. Afisa akaeleza kwa ubao. Chakula ulichokula kazini, mbali na kwako, kinahesabiwa nusu, mradi umekinunua na una risiti. Chakula ulichotoka nacho nyumbani hakihesabiwi hata punje, maana hata usingekuwa na kazi ungekula. Mke wangu alikaa mstari wa mbele, akauliza maswali matatu. Njiani kurudi hakuniambia neno. Nilijua kuna kitu kinapikwa.

Jumatatu yake mkebe haukuwepo.

"Kuna mgahawa nyuma ya hospitali," akasema. "Wa yule mwanamke mrefu. Kula pale kila siku. Pale tu. Chukua risiti."

"Wewe si ndiye unayesema vyakula vya nje ni uchafu?"

"Sasa nasema kula."

"Kwa nini pale tu?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilikwenda na moyo wa wasiwasi. Mwenye mgahawa tulimwita Bi Moshi, kwa sababu jiko lake lilikuwa linatoa moshi mbele na yeye anatokea nyuma ya moshi. Mwanamke mrefu kweli, sauti nzito, anawafokea madaktari na wasukuma vitanda sawasawa. Mimi hakunifokea. Siku ya kwanza alinitazama, akasema, "Fundi wa mabomba ni wewe?" nikasema ndiyo, akaingia ndani, akatoka na sahani. Wengine walipakuliwa kwenye sufuria iliyokuwa mbele ya macho yetu. Yangu ilitoka ndani.

Ilikuwa hivyo kila siku. Yangu ya moto, imefunikwa. Haina mifupa. Chumvi kidogo sana. Fundi umeme akichota kijiko kwangu anakunja uso.

"Huyu mama anakuchukia," akasema.

"Mbona nyama yangu ni laini kuliko yako?"

Akafikiri. "Basi anakupenda. Na hilo ni baya zaidi."

Maneno hayo yaliniingia. Nikaanza kukaa meza ya mlangoni. Nikila, siinui macho. Nikilipa, naweka pesa mezani, siweki mkononi mwake. Risiti ananipa imekunjwa, naitia mfukoni bila kuifungua. Jioni mke wangu naye ananiuliza:

"Leo umekula nini?"

Namwambia.

"Kilikuwa cha moto?"

"Cha moto."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mboga ilikuwaje?"

Mtu gani anaulizwa mboga ilikuwaje, kila jioni, miaka kumi na miwili? Nilijua ananishuku na Bi Moshi. Nikajibu kwa kifupi ili nisijikwae, hali sina la kujikwaa. Mara moja nilisema chakula cha Bi Moshi ni kizuri. Aliinamisha kichwa akawa anapanga risiti kwenye spoku, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani nimemwumiza. Sikusifu tena.

Presha ilishuka. Daktari alinipongeza. Hesabu zikawa zinapita kila mwaka bila swali.

Alipofariki sikwenda kazini wiki tatu. Niliporudi, siku ya kwanza nilikwenda kwa Bi Moshi kwa sababu miguu ilikuwa imezoea. Hakunitazama. Alinipakulia kwenye sufuria ya wote. Chumvi ilinijaa mdomoni. Nilimaliza nusu nikaondoka. Risiti sikupewa, na sikuidai. Nilijisemea: huyu alikuwa anangoja nini, na mbona sasa amebadilika?

Mwezi wa tatu baada ya msiba ikaja barua ya ofisi ya kodi.

Nilikwenda ofisi ya kodi peke yangu. Afisa alikuwa mwanamke wa miwani, umri wa binti yangu. Mezani kwake risiti zangu za chakula za mwaka uliopita zilikuwa zimepangwa kama karata.

"Kaa, mzee wangu. Pole na msiba."

"Nimepoa."

"Risiti mia mbili arobaini na moja. Mgahawa mmoja. Bei moja. Wewe huchoki?"

"Nimezoea."

"Nani alikuwa anakujazia fomu?"

"Mke wangu."

Akaweka fomu karibu na risiti. Akaweka kidole kwenye saba ya fomu, halafu kwenye saba ya risiti. Saba ya mke wangu ina mkanda tumboni. Mimi siwezi kusoma mwandiko, lakini saba yake ningeitambua gizani. Saba ya risiti ilikuwa na mkanda.

Nikapekua nyingine. Na nyingine. Zote.

"Unaona ninachokiona?" afisa akauliza.

Nikazirudisha risiti mezani.

"Risiti anaandika muuzaji. Mnunuzi akijiandikia mwenyewe, hiyo siyo risiti, ni barua."

"Nilikula pale," nikasema. "Kila siku."

"Sijasema hukula. Nasema risiti zimeandikwa nyumbani kwako."

Alinipa njia mbili. Ya kwanza nyepesi: nikubali, nilipe kodi iliyopungua na faini, faini yenyewe si kubwa, jambo linaisha siku hiyohiyo. Kwenye faili itaandikwa: risiti za kughushi, aliyetayarisha ni mke wa mlipakodi, marehemu. Ya pili: nirudi ndani ya siku kumi na nne na maelezo yanayoeleweka, pamoja na mwenye mgahawa.

"Ukikubali, wewe huandikwi kosa," akasema. Alidhani ananipa zawadi.

"Anaandikwa yeye?"

"Yeye hayupo, baba."

Nilichukua siku kumi na nne.

Nyumbani binti yangu alikuwa amekuja kufua. Nilimweleza. Akaacha kusugua.

"Lipa yaishe, baba."

"Wataandika mama yako alighushi."

"Nani atasoma? Mama hasomi faili."

"Mimi nitajua kuwa neno hilo limo."

"Kwani hakuandika?"

Nikamsogezea ndoo ya maji.

"Baba, nakuuliza. Aliandika au hakuandika?"

"Aliandika."

"Basi." Akarudi kusugua. Nguo ile ilikuwa imeshatakata zamani, bado anasugua.

Nilikaa jikoni nikaitazama spoku ya chakula. Nikaanza kumshuku mke wangu, na yeye hana siku mia kaburini. Nilipiga hesabu za kila namna. Labda sahani ilikuwa ya bei ndogo, akaandika kubwa? Hapana, mimi ndiye niliyelipa, bei naijua. Labda aliniibia risiti za kweli akaziuza? Nani ananunua risiti ya chakula kilicholiwa? Labda yeye na Bi Moshi walikuwa na biashara yao, na mimi ndiye mteja wao mjinga. Hilo lilikaa. Nililala nalo siku nne.

Siku ya tano nikaenda mgahawani baada ya saa za chakula. Bi Moshi alikuwa anaosha masufuria. Aliponiona akakaza mkono kwenye sufuria kana kwamba nimekuja kuichukua.

"Tumefunga, shemeji."

"Sikuja kula. Kitabu chako cha risiti kiko wapi?"

"Mimi sina kitabu."

"Miaka kumi na miwili unanipa risiti."

"Nakupa, ndiyo. Kuandika kwangu ni jina tu, na hilo nalo linakwenda upande."

"Basi aliandika nani?"

Akajifuta mikono. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Aliniapisha nisiseme."

"Amekufa."

"Ndiyo maana nasita. Angekuwa hai ningesema zamani, anifokee yaishe."

"Bi Moshi, ofisi ya kodi inataka kumwandika mwongo."

Hapo akainua uso. "Nani? Yule?" Akatukana tusi ambalo sitaliandika. Halafu akasema, "Shemeji, mimi sijawahi kukupikia. Hata siku moja. Ulikuwa unakula chakula cha mkeo."

Nilitafuta pa kukaa. Hakukuwa na ndoo nyingine.

Akaeleza. Saa tano kila siku mke wangu aliingia mlango wa nyuma na mkebe umefungwa kitambaa, na karatasi ya risiti ameshaiandika. Saa hizo mimi niko chini kwenye pampu. Bi Moshi anapasha, anageuzia kwenye sahani yake, ananiletea. Mimi nalipa. Mwisho wa mwezi Bi Moshi anakata fungu lake dogo la jiko na sahani, pesa zilizobaki anamrudishia mke wangu.

"Zote?"

"Zote. Kwa mkono. Anahesabu mara mbili, mkeo namjua."

"Kwa nini hakunipa mkebe tu?"

Bi Moshi akanitazama kama alivyokuwa akinitazama mke wangu nikileta risiti iliyofutika. "Alijua mkebe ulikuwa unamlisha nani."

"Nani alimwambia?"

"Mkebe wenyewe. Ulikuwa unarudi umelambwa mpaka pembeni. Alisema: mume wangu hajawahi kulamba sahani. Akaja mpaka hapa kona, akakuona na nyama yako, midomo inang'aa. Hakukuita. Akaingia kwangu."

 Bi Moshi akaendelea.

"Alisema sheria inataka risiti, daktari hataki chumvi, na wewe hutaki mkebe. Akasema mimi nitawapa wote wanachotaka. Nilimwambia, mumeo ataonja atajua. Akasema hatajua, yeye akishaambiwa kimenunuliwa atakiona kitamu."

"Nilikisifu mara moja."

"Najua. Alinisimulia. Alicheka mpaka akakaa chini, hapohapo ulipo."

Nikasogea kidogo.

Halafu Bi Moshi akashusha sauti. "Sasa sikiliza. Twende kwa huyo afisa wako. Mimi nitasema sijui kuandika, mkeo alikuwa ananisaidia kuandika risiti za wateja. Ni kweli, nusu yake. Wewe nyamaza. Lakini pesa zilizorudi, usizitaje. Ukisema pesa zilirudi nyumbani kwako, watasema hukununua kitu. Na yeye alikuwa anaingiza pesa za siri. Utamwongezea kosa la pili."

"Pesa hizo alizipeleka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kwani hukuziona?"

"Sikuziona."

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni.

Siku ya kumi na moja tulikwenda. Bi Moshi alivaa nguo ya kutokea, akakaa na mkoba mapajani, akasema maneno yake kama alivyopanga. Afisa wa miwani alisikiliza, akaandika mstari, akamtaka aandike jina lake. Likaenda upande. Afisa akaridhika na hilo.

"Kwa hiyo marehemu aliwaandikia wateja wote?"

"Wanaotaka risiti," Bi Moshi akasema.

"Nani mwingine alitaka?"

"Eh, watu."

"Watu gani?"

"Watu wa hospitali. Wanakuja wanaondoka."

"Niletee risiti moja ya mtu mwingine. Moja tu, mama."

Bi Moshi akafungua mkoba, akaufunga. Nikaona tunakwenda kunaswa. Tukinaswa na uongo wetu, faili litaandikwa uongo wangu juu ya jina la mke wangu. Yeye hakunituma niseme uongo. Hata glavu iliyochanika aliitaka aione.

Nikasema, "Mwanangu, huyu mama anajaribu kunisaidia. Risiti ni zangu peke yangu."

"Shemeji!" Bi Moshi akanikanyaga mguu. Nilivaa buti, sikusikia kitu.

Nikasema yote. Mkebe, mlango wa nyuma, chumvi, fundi umeme, nyama ya kona. Nikasema na pesa zilizorudi. Afisa hakuandika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzee wangu, unajua ulichosema?"

"Nimesema ilivyokuwa."

"Mwanzo nilikuwa na swali moja kuhusu marehemu. Sasa ninayo mawili. Kama pesa zilirudi, basi alikuwa na kipato, miaka kumi na miwili, hakukitangaza."

Bi Moshi akasema kwa sauti ya chini, "Nilikwambia. Nilikwambia mimi."

"Jina lake kamili," afisa akasema.

Nilimpa. Akaligonga kwenye mashine yake. Akangoja. Akaligonga tena. Halafu akasogeza kiti karibu na kioo, akasoma muda ambao mtu angeweza kubadilisha valvu.

"Baba, mke wako ana faili."

"Faili la nini?"

"La kwake. La mlipakodi." Akasoma: "Kazi, mpishi. Mteja, mmoja. Jina la mteja," akamwangalia Bi Moshi, "mgahawa wako."

"Mimi?" Bi Moshi akashika kifua.

"Ameleta hesabu kila mwaka. Hajachelewa hata mara moja."

Nikamwomba anionyeshe. Akanigeuzia kioo. Zilikuwa ni karatasi zilizopigwa picha. Saba zote zilikuwa na mkanda.

Afisa akachukua mashine ndogo ya hesabu, akawa anaongea peke yake. Halafu akanieleza, taratibu, kama ambaye haamini mwenyewe. Tuseme sahani ni mia. Mimi nikilipa mia, ofisi inanihesabia hamsini, kwa sababu chakula ni nusu. Mke wangu akirudishiwa tisini, anatangaza tisini, na tisini zote zinahesabiwa kipato. Kwa hiyo kila sahani niliyokula ilituongezea kodi. Siyo kutupunguzia.

"Miaka yote hiyo mlikuwa mnalipa zaidi," akasema. "Mngeacha tu, mngekuwa na pesa nyingi kidogo."

"Alikosea?"

"Hakudai gharama hata moja. Nyama, mkaa, mafuta. Hata chumvi."

"Chumvi hakutia."

Bi Moshi alicheka, halafu akalia, halafu akaufungua mkoba kutafuta kitambaa.

Afisa hakucheka. "Mtu anayeweza kupanga hesabu hivi," akasema, "hakosei hivi. Mimi nimekaa hapa miaka tisa. Sijaona mtu anajidanganya mwenyewe. Kuna kitu hapa."

"Kuna kitu," nikakubali. Nami nilikuwa natafuta kitu hicho hicho. Mke wangu alijua kutoa na kujumlisha kuliko mimi na yeye afisa. Alijua nusu ni nusu. Aliuliza maswali matatu kwenye ule ukumbi. Nadhani la tatu lilikuwa hilo.

Afisa akasema sasa kuna njia mbili tena. Hawa watu hawaishiwi na njia mbili. Naweza kuandika barua kwamba mume kula chakula cha mkewe siyo biashara: mimi sikununua, yeye hakuuza. Wataondoa chakula changu kwenye hesabu, watafunga faili lake, na miaka ambayo sheria inaruhusu kurudi nyuma watanirudishia kilichozidi. Au niache vyote kama vilivyo. Mpishi aliuza kwa mgahawa, mgahawa uliuza kwa fundi, kila mmoja alisema kwa serikali alichopata. Sheria haikuvunjwa. Risiti aliandika kwa niaba ya muuzaji asiyejua kuandika, na muuzaji ameshathibitisha mbele yake.

"Jina lake litakuwaje?" nikauliza.

"Safi. Kwa njia zote mbili."

"Ya kwanza itasomekaje?"

"Kwamba hapakuwa na mauzo."

"Na faili lake?"

"Litafungwa kama lililofunguliwa kwa makosa."

Bi Moshi alikuwa ameshaanza kunitikisia kichwa: chukua pesa, mjinga wewe. Nilifikiri. Nilimfikiria akipanda ile njia ya nyuma ya hospitali saa tano, jua kali, mkebe wa moto kwenye kitambaa, miaka kumi na miwili, kisha mtu aandike kwamba ilikuwa ni makosa.

"Acha vilivyo," nikasema.

"Mzee, unakataa pesa?"

"Ndiyo."

Afisa akaniangalia kwa juu ya miwani. Nilimwona ananishuku upya, tangu mwanzo. "Una hakika hakuna kingine unachokificha?"

"Kipo," nikasema. "Lakini anakificha yeye."

Maana pesa zile sijui alizifanyia nini. Mpaka leo. Nimepekua chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya mifuko ya nguo zake. Nimemuuliza binti yangu, amesema hajui, na alivyosema hajui alikuwa haniangalii. Bi Moshi naye akiniona hugeukia sufuria. Nimeacha kuuliza. Sijaacha kushuku.

Afisa akaandika mistari mitatu kwenye karatasi ya faili, kwa mkono, akaipiga muhuri, akanitolea nakala. Nikamwomba anisomee. Akasoma. Nikamwomba tena. Akasoma tena, kwa subira.

Sikumaliza wasiwasi. Mtu aliyeandika mwenyewe anaweza kusoma anachotaka. Nje kulikuwa na foleni. Nilimwacha Bi Moshi aende mbele, nikamchagua mtu mmoja wa katikati ya foleni, mwenye viatu vyenye vumbi la saruji, asiyenijua wala nisiyemjua.

"Kijana, nisomee hapa. Kila kitu, usiruke."

Akasoma: "Mwandiko wa kwenye risiti umeelezwa na maelezo yamekubaliwa. Mpishi alikuwa na faili lake na alilipa kodi yake yote. Hakuna kosa."

Akanirudishia. "Mzee, huwaamini hawa?"

"Nawaamini. Soma tena pale palipo na mpishi."